Mada zinazofutwa bila mtu kukatazwa

Mhariri,

Uhuru wa kusema vyuoni ukijadiliwa, anayetajwa ni mhadhiri aliyefukuzwa au kuitwa polisi. Hao ni wachache. Hasara kubwa hutokea kimyakimya, mwanzo wa muhula, mhadhiri anapoketi na muhtasari wa kozi na kufuta mada ya wiki moja. Hajakatazwa na mtu, kwa hiyo hakuna wa kulalamikiwa. Na mwanafunzi hawezi kudai asichojua kwamba kilikuwepo.

Tazama somo la takwimu. Septemba 2018 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015, ikawa kosa kusambaza takwimu zinazolenga kupotosha au kubatilisha zile rasmi. Juni 2019 kosa hilo likaondolewa. Muhtasari wa kozi, hata hivyo, haujirekebishi wenyewe. Zoezi la kulinganisha takwimu rasmi na za utafiti huru likishafutwa halirudi kwa urahisi, kwani kunakili muhtasari wa mwaka jana ni kazi ya dakika tano (nani asiyefanya hivyo?).

Tena sheria si tishio pekee. Kuna simu za mkononi: sekunde 20 zikikatwa kutoka mhadhara wa saa mbili, hoja iliyotolewa makusudi ili ibishiwe husikika kama msimamo wa mhadhiri. Kuna na mkataba. Mhadhiri wa muda asipoitwa muhula ujao, hapewi sababu, hivyo hukisia na kuwa mwangalifu kupita kiasi.

Kinga ipo kwenye makaratasi ya idara. Mada yenye ubishi iandikwe waziwazi katika muhtasari unaopitishwa na kikao cha idara, pamoja na matini mbili zinazopingana. Malalamiko yakija, idara ndiyo itakayojibu, si mtu mmoja. Semina za watu 15 au 20 zisirekodiwe. Hoja inukuliwe nje, aliyeisema asitajwe. Mihadhara mikubwa irekodiwe yote na chuo chenyewe, ili kipande kilichokatwa kiwe na cha kulinganishwa nacho.

Na tuseme ukweli: wahadhiri nao huwaziba wanafunzi midomo. Mwongozo wa usahihishaji ukiwa na "jibu sahihi" moja kwa swali la sera ya ardhi, darasa zima litaandika anachotaka mwalimu. Alama zigawiwe kwa ushahidi, mpangilio wa hoja na namna pingamizi lilivyojibiwa. Azimio la Dar es Salaam la Aprili 1990, la wanataaluma wa Tanzania, halikuishia kwenye uhuru wa taaluma; liliuunganisha na wajibu wa wanataaluma kwa jamii, na nusu hiyo ya pili hatuipendi sana.

Mtahini wa nje, yaani mhadhiri wa chuo kingine anayekagua mitihani, hupelekewa maswali na sampuli za majibu. Apelekewe pia muhtasari uliopitishwa, aoneshe ni mada zipi hazikutahiniwa hata mara moja kwa miaka mitatu, na mkuu wa idara aeleze kwa maandishi kwa nini.

Wahadhiri wawili,
Dar es Salaam