Ziwa likifungwa, mvuvi ashike nini Jumatatu asubuhi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wavuvi wenzangu wa Kigoma, pamoja na kina mama wanaoanika na kuuza dagaa, kuhusu miezi ya kufungwa kwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024 Tanzania, kwa makubaliano na Burundi, Kongo na Zambia, ilisimamisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na hilo. Ninachotaka kusema ni hali ya mtu mzima mwenye nguvu zake anapokaa nyumbani miezi mitatu bila kushika kamba.

Viongozi wakija kwenye mialo yetu, yaani fukwe tunakoshusha samaki, kama Kibirizi au Katonga, hutuambia tujishughulishe na kilimo, ufugaji na biashara ndogondogo. Wanasema kweli, lakini hawasemi mtu aliyezoea kazi ya usiku aamke saa ngapi, aanze na nini, na kitu gani kitamtoa kijiweni saa nne asubuhi. Kazi ya dagaa kila usiku ina mwanzo na mwisho: taa zinawashwa, wavu unashushwa, unavutwa, alfajiri mnapima mlichopata. Ziwa likifungwa siku inakosa mahali pa kuishia, na hapo ndipo mtu anachoka kuliko aliyevuta wavu usiku kucha. Kwa hiyo shabaha ni kuipa kila siku kazi yenye mwisho unaoonekana, na kuzigawa kazi hizo zisimalizike zote wiki ya kwanza.

Tuanze na usingizi, maana ndio unaoharibu mambo mapema. Mvuvi wa dagaa analala asubuhi na kuamka mchana. Ziwa likifungwa, wengi wanaendelea hivyohivyo: mchana kutwa kitandani, usiku macho makavu. Saa saba za usiku mji umelala, pa kwenda ni penye gongo au penye mashine za kamari, na hela ya mwisho ya msimu inaishia huko kabla Juni haijaingia. Ukirudi kutoka usiku wa mwisho wa kuvua, lala kwa muda wa saa tatu tu, si zaidi, kisha amka utoke juani. Kaa macho hadi saa tatu usiku hata kama kichwa kizito. Kesho yake amka saa kumi na mbili asubuhi, hata kama usiku umelala vibaya, na ufanye hivyo kila siku bila kuruka Jumapili. Mchana usilale zaidi ya nusu saa, na usilale kabisa baada ya saa tisa alasiri. Kahawa ya Kalinzi ni tamu, ila kikombe cha mwisho kiwe mchana, kwa sababu nguvu yake inabaki mwilini saa nyingi baada ya kuinywa. Ukishika hayo, mwili hukaa sawa ndani ya wiki moja hivi. Anayevunja utaratibu kila siku ya tatu atakuwa bado anahangaika Julai.

Wiki hiyo ya kwanza usianze ukarabati wowote. Toa chombo majini na uandike orodha: nyavu ngapi, matundu makubwa na madogo, maboya yaliyopasuka, kamba zilizooza, betri, injini. Kitu cha kwanza kutolewa majini ni mtumbwi, na cha mwisho kukarabatiwa ni huohuo mtumbwi. Nitaeleza kwa nini.

Kazi ya kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Juni yote ni nyavu. Zioshe kwa maji matupu hadi magamba na utelezi viishe, kisha zianike kivulini. Jua kali linakula nailoni. Wavu ulioachwa juani wiki nzima utaonekana mzima na utakatika mkononi Agosti. Wavu wenye harufu ya samaki huvuta panya, na panya wa usiku mmoja anatoboa kuliko miamba ya mwaka mzima. Hivyo ukishakauka, uning'inize juu, mbali na ukuta, na mbali na betri na mafuta ya taa.

Kushona wavu wa kutega ndiyo kazi inayofaa kuliko zote kwa mtu aliyekaa bure, kwa sababu inataka mikono na macho pamoja, na tundu likizibwa unaliona limezibwa. Tafuta sindano ya wavu inayopita kwenye jicho, yaani kijitundu cha kawaida cha wavu, hata ikiwa imejaa uzi, na uzi wa unene uleule wa wavu. Chonga kijiti bapa ambacho upana wake ni nusu ya jicho lililovutwa: wavu wa inchi 3, kijiti cha inchi moja na nusu. Tundika wavu usawa wa kifua chako kwenye kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili. Anayeshona akiwa ameuweka mapajani anaumwa mgongo siku ya pili, na siku ya tatu haji.

Kabla ya kushona, kata. Vijana wengi wanaogopa kuongeza tundu, wanashona juu ya nyuzi zilizochakaa, na wavu unakunjamana. Safisha kingo za tundu hivi: juu kabisa liachwe fundo moja lenye nyuzi tatu zinazotoka, chini kabisa vivyo hivyo, na mahali pengine pote fundo libaki na nyuzi mbili tu. Funga uzi kwenye lile fundo la juu. Shuka ukitengeneza nusu jicho kwa nusu jicho, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kijiti kikiwa chini ya uzi ili kila jicho litoke sawa. Ukifika ukingoni, funga fundo la pembeni, geuka, urudi. Ukihesabu vizuri utaishia kwenye fundo la chini lenye nyuzi tatu, na tundu litakuwa limefungwa bila uzi wa ziada. Ukiishia pengine, kuna fundo la pembeni uliloruka. Rudi nyuma, usilazimishe. Kwa nailoni zungusha uzi mara mbili kabla ya kukaza, kwa sababu fundo la mzunguko mmoja huteleza, jicho linakuwa kubwa, na samaki anapita.

Wavu wa dagaa hauna habari ya jicho kwa jicho, macho yake ni madogo mno. Tundu linalozidi kiganja linatiwa kiraka cha wavu uleule. Kiraka kizidi tundu kwa vidole vitatu kila upande, na macho yake yaelekee upande uleule na ya wavu. Kiraka kilichowekwa mshazari hakivutiki pamoja na wavu, na uzito wa samaki ukija kinachanika pembeni, mara nyingi tundu likiwa kubwa kuliko la kwanza. Ukiwa unanunua wavu mpya wa kukata viraka, muulize kwanza afisa uvuvi kuhusu ukubwa wa macho unaoruhusiwa.

Asubuhi shona kwa muda wa saa mbili, pumzika, shona saa mbili nyingine, basi. Jioni usishone. Wavu mmoja mkubwa ugawanywe vipande kwa kamba ya rangi, kila siku kipande kimoja, na kipande kikiisha kazi ya siku imeisha hata kama ni saa tano. Hapo ndipo mtu anapata kitu cha kungoja kesho.

Neno kwa wenye vyombo, maana vijana wengi wanaofanya kazi hii hawana wavu wala mtumbwi. Mkitaka nyavu zishonwe katika miezi hii, toeni uzi na mlipe kwa kipande, kiasi mkubaliane mbele ya watu kabla ya kazi kuanza. Kumwambia baharia akushonee bure kwa ahadi ya nafasi Agosti ni kumdhulumu, na matokeo yake mnayaona kwenye mafundo yanayofumuka.

Sasa mtumbwi. Mbao zilizokaa majini mwaka mzima zimeshiba maji. Ukikalafati, yaani ukiziba nyufa kwa pamba, mwezi Mei, pamba itakaa kwenye ufa wenye unyevu na haitashika. Uache mtumbwi ukauke taratibu hadi Julai, umeinuliwa juu ya magogo, umefunikwa kwa nyasi au turubai. Hiki ni kipindi cha kiangazi na upepo wa kusi. Mtumbwi ulioachwa wazi juani unapasuka mbao zenyewe, na ufa wa ubao hauzibiki kwa pamba. Julai toa pamba ya zamani kwa ncha butu, ingiza mpya iliyopakwa mafuta, uigonge kwa patasi isiyo na makali hadi ikae ndani kidogo ya uso wa ubao, kisha paka lami. Usijaze pamba kupita kiasi. Mbao zikirudi majini zinavimba, na pamba iliyozidi inasukuma ubao hadi misumari inalegea. Mwanzoni mwa Agosti uingize mtumbwi kwenye maji mafupi siku mbili au tatu unywe maji kabla ya kuupakia chochote. Utavuja siku ya kwanza, hilo lisikutie hofu.

Injini na betri zinataka muda mfupi tu ila kwa tarehe. Injini iwashwe ndani ya pipa la maji safi, ufunge petroli, uiache izime yenyewe ili kabureta ibaki kavu. Petroli iliyolala miezi mitatu huacha gundi na kuziba matundu. Badilisha oili ya gia. Ikitoka na rangi ya maziwa, maji yameingia na sili inahitaji kubadilishwa sasa, si Agosti. Betri ya taa isiachwe kuisha: ichajiwe kila baada ya wiki tatu, na maji ya betri yafunike sahani. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma karibu 12.7, ikishuka chini ya 12.4, ichaji. Betri zinazokufa miezi hii nyingi hazikuchakaa, zimeachwa tupu.

Kwa kina mama, ambao matangazo ya kufunga ziwa huwasahau, kuna kazi mbili. Ya kwanza ni vichanja vya kuanikia. Urefu kutoka chini uwe mita moja, upana mita moja na nusu ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili, juu mtandaze wavu wa zamani uliokazwa. Dagaa wa kichanja hana mchanga, na hewa inampitia chini na juu.

Ya pili ni sabuni, kwa kuwa mawese hapa kwetu yapo. Inataka mizani ya jikoni inayosoma gramu. Asiye nayo asianze, kijiko na kikombe havifai. Kwa kilo 1 ya mawese yaliyochujwa, gramu 134 za kostiki soda na gramu 330 za maji. Soda inamwagwa ndani ya maji kidogo kidogo, kamwe si maji juu ya soda, kwa sababu yanachemka na kuruka usoni. Vaa glovu na miwani, fanyia nje, watoto wasiwepo. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini inaliwa na soda. Acha maji ya soda na mawese vyote vipoe hadi vuguvugu, ndipo umimine maji ya soda ndani ya mafuta huku ukikoroga bila kuacha, hadi mwiko ukiinuliwa tone libaki na alama juu ya uji. Mimina kwenye boksi lililotandikwa nailoni, kata kesho yake, kisha uache vipande penye hewa wiki nne. Sabuni iliyouzwa wiki ya kwanza inachubua ngozi na kukuharibia jina. Soda ikigusa mwili, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 20.

Mchicha nao una tarehe zake: uliopandwa mwisho wa Mei unachumwa ndani ya wiki tatu hadi nne. Changanya mbegu na mchanga mkavu, panda mistari ya sentimita 20, mwagilia asubuhi na jioni, zungushia nyavu mbovu kuku wasiingie. Wanaopanda kwa kutupa mbegu nyingi huvuna miche myembamba.

Jioni ni ya bao. Mashimo 32, kete 64, na bao la Kiswahili linafaa kuliko la kujifunza, ambalo kete zote hupangwa mashimoni tangu mwanzo, kwa sababu kwenye la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi na lazima afikirie kila anayoitia. Mkubaliane idadi ya michezo kabla ya kuketi, na hela isiwekwe.

Yupo pia atakayefanya yote haya na bado wiki mbili zipite hali wala halali, au aanze kusema maisha hayana maana. Huyo msimpe ushauri wa kijiweni. Apelekwe zahanati au Hospitali ya Maweni, na mtu wa kwenda naye awepo.

Ombi langu kwa vikundi vya usimamizi wa mialo: ziwa likifungwa, mwalo usifungwe pamoja nalo. Tengeni kivuli kimoja, nguzo za kutundikia nyavu na sehemu ya kukaushia mitumbwi, na pawe wazi saa moja hadi saa sita mchana kila siku ya kazi, ili mtu aondoke nyumbani asubuhi akijua anakwenda wapi na atawakuta nani.

Fundi nyavu,
Katonga, Kigoma