Usiniulize jina lake, Baba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, uvivu wa kuandika tu. Katika barua yako umeuliza mambo mawili: mtu mzima anakaaje mwaka mzima na jiwe moja, na kwa nini jiwe hilo lisipewe jina lako. Nianze na la kwanza, la pili lina kesi yake.

Kwanza lenyewe usilidhanie jiwe. Fuwele ninayopima, yaani chembe ya madini mapya tuliyoyagundua, ina upana wa milimita 0.04, unywele wako ni mnene kuliko hiyo. Naiokota kwa ncha ya sindano nikitazama kwenye hadubini, naigandisha kwa gundi kidogo juu ya uzi wa kioo, kisha naifunga kwenye mashine inayoizungusha mbele ya mwali wa eksirei. Ya kwanza niliipoteza kwa kupumua. Nilishusha pumzi, kutazama tena, haipo. Nikatambaa sakafuni nikiitafuta, utadhani ningeiona.

Eksirei ikipita katika fuwele huchepushwa na atomu zilizojipanga safu kwa safu, ikaacha madoa mengi kwenye kinasa miale. Hilo lilionekana mara ya kwanza mwaka 1912, kazi ya mwanafizikia Max von Laue. Mwaka uliofuata akina Bragg, baba na mwanawe, wakayasoma madoa hayo na kuonyesha atomu za chumvi zimekaaje. Walipopewa Nobel pamoja mwaka 1915, mwana alikuwa na miaka 25. (Najua utanikumbusha umri wangu.)

Mpangilio una maana kubwa. Almasi na grafiti ya penseli zote ni kaboni, zinatofautiana kwa jinsi atomu zilivyoshikana. Ndiyo maana ukipeleka madini mapya kwenye tume ya Jumuiya ya Kimataifa ya Madini, IMA, orodha ya viambato peke yake haikufikishi mbali. Madini yanayotambuliwa yamepita 6,000, na kila mwaka yanaongezeka kama 100.

Sasa sikia kilichonila wiki tatu. Kompyuta ilinipa umbo la mpangilio wa atomu zuri mno, lenye ulinganifu wa kupendeza, lakini hesabu zikagoma: kosa, yaani tofauti kati ya madoa niliyopima na yale ambayo umbo hilo lingetoa, lilisimama kwenye asilimia 14, na atomu kadhaa zikatokea nusu nusu, kana kwamba kila moja imekaa mahali pawili. Nikailaumu mashine. Nikajilaumu mwenyewe. Msimamizi wangu akatazama dakika mbili, akasema, "Hawa pacha." Kumbe fuwele mbili zimeota zikiwa zimeshikana, moja imegeuka, na madoa yao yanaangukiana. Unavyowachanganya wajukuu wako, huyu ukamwita yule, ndivyo nami nilivyochanganya wawili nikamchora wa tatu ambaye hajazaliwa. Tulipowatenganisha katika hesabu, kosa likashuka hadi asilimia 4.

Ikabaki hidrojeni. Ina elektroni moja tu, eksirei karibu haiioni, kwa hiyo tunamhoji jirani yake, oksijeni. Kila oksijeni naijumlishia nguvu ya vifungo inavyopata kutoka kwa atomu nyingine zinazoizunguka. Ikifika karibu 2, imeshiba. Ikiishia karibu na 1, imebeba hidrojeni moja nisiyoiona. Ikikaribia sifuri, hayo ni maji yaliyonaswa ndani. Hesabu yenyewe ni ya penseli na karatasi, na sijaona kazi tamu kama hiyo humu maabara.

Haya, jina. Mgunduzi haruhusiwi kuyaita madini kwa jina lake mwenyewe, na jina lako la ukoo ndilo langu. Nikikupa wewe, nimejipa mimi. Tumeshapendekeza jingine, na sampuli imeshakabidhiwa makumbusho kama kanuni inavyotaka, ila hatutakiwi kulitangaza hadi tume ilipitishe. Kwa hiyo usinibane kwenye simu. Na Mama mzuie asichukue hiyo simu, maana yeye akiuliza nitasema.

Ni mimi mwanao.