Arobaini haizuii kliniki
Mama zangu, habari za jioni. Hongera kwa waliojifungua wiki hii! Maswali ya inboksi kuhusu kliniki ndani ya arobaini, kitovu na dalili za hatari yamekuwa mengi, nayajibu hapa kwa pamoja.

Kukaa ndani arobaini sawa, lakini kliniki iko palepale. Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua, kisha waonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na 14, na wiki ya 6. Kadi msisahau.

Kitovu kiacheni kikauke chenyewe. Mate, majivu, dawa ya meno, hapana, hata bibi akinuna.

Pedi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, au kichwa kinagonga na macho yanaona ukungu, usisubiri kupambazuke. Presha hupanda hata baada ya kujifungua, hata kwa aliyekuwa mzima mimba yote. Mtoto akikataa ziwa, akichemka au kupoa mwili, au kifua kikibonyea ndani akipumua, ni hospitali moja kwa moja.

Anayemjua dereva wa bajaji anayepokea simu usiku, aniambie leo.