Maporomoko Jumamosi: someni kabla ya kufunga mabegi

Habari zenu wapendwa. Jumamosi tunapanda hadi kwenye maporomoko ya maji kule ndani ya msitu. Tukutane mwanzo wa njia saa 12:30 asubuhi kamili, maana chini ya miti mikubwa giza huingia mapema na sitaki tushuke tukipapasa.

Viatu viwe na soli yenye meno. Karibu na maporomoko manyunyu hayakatiki, kwa hiyo mawe hushika ute wa kijani unaoteleza vibaya. Asiye navyo aniambie leo tumtafutie vya kuazima.

Ninalowaomba kwa moyo wote ni hili: hakuna kuruka wala kupiga mbizi pale chini. Maji yanayoanguka hujaa hewa, na kwenye povu hilo hata mwogeleaji hodari huelea kwa shida. Magogo na miamba iliyozama haionekani. Tena mvua ikinyesha juu mlimani, mto unaweza kufurika ghafla huku kwetu jua linawaka. Mkiona maji yanageuka rangi, yanaleta majani na vijiti, au mngurumo unazidi, pandeni mahali pa juu papo hapo. Mabegi yaacheni.

Chukueni koti la mvua, nguo kavu, maji ya kunywa na tochi.

Wenye shida ya magoti, niandikieni faraghani. Kushuka ndiko kunakoumiza zaidi, na nitawaweka mbele ili kundi lifuate mwendo wenu. Thibitisheni kabla ya Alhamisi jioni.