Harambee ya Nauli na Matunzo ya Mwanafunzi Wetu wa Darasa la Nne

Ndugu wazazi, walezi, na wana Ukerewe mlioko Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko,

Mwanafunzi wetu anatibiwa saratani ya taya katika Hospitali ya Bugando. Ilianza kama maumivu ya jino. Jino likang'olewa, uvimbe ukazidi. Madaktari huiita Burkitt, kwa jina la daktari aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, ng'ambo ya ziwa letu hili hili. Hukua kwa kasi mno: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini ni saratani inayosikia dawa, na watoto wengi hupona wakimaliza matibabu.

Kwenye huko kumaliza ndiko tunakowaomba. Uvimbe ukinywea, mtoto anacheka, nauli ya meli imekwisha, nyumbani wadogo zake wanasubiri kula. Safari inayofuata inaahirishwa. Ugonjwa ukirudi, kuutibu ni kazi ngumu zaidi. Mama huyu hajakosa tarehe hata moja, ila ameshauza mbuzi na nyavu za marehemu mumewe. Hana kingine cha kuuza.

Uvimbe ulipoonekana, baadhi yetu tuliwaambia watoto wahame dawati. Saratani haiambukizi. Rafiki yake, waliyekaa pamoja tangu darasa la awali, hakuhama. Sasa kila Ijumaa hunakili masomo ya wiki katika daftari la pili na kulikabidhi kwa mama apande nalo meli. Likirudi, mwalimu hulisahihisha pamoja na ya wenzake. Hakuna aliyemtuma. Nafasi ya dawatini bado anaitunza, na akija mgeni humwambia ina mwenyewe.

Tunatafuta shilingi 1,500,000 za nauli ya watu wawili, chakula cha mama na malazi yao mjini, mpaka mzunguko wa mwisho wa dawa.

Tukutane Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Asiye na fedha alete machungwa, dagaa au kuku. Vitanadiwa hapo hapo. Mweka hazina ataandika kila mchango, na hesabu itabandikwa mlangoni mwa ofisi. Daktari akiruhusu, mtoto atakuwepo. Mwenye mafua au kikohozi amsalimie kwa mbali, maana dawa zimempunguzia kinga.

Kamati ya Shule