YAH: MADAI YA CHENJI YANGU YA SHILINGI 100

Meneja wa Duka,
Sinza, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi jioni nilinunua mafuta ya kupikia dukani kwako kwa shilingi 7,900. Nilitoa 8,000. Keshia akanipa risiti na pipi mbili. Nilipoulizia chenji akajibu, "Hatuna sarafu dada, chukua hizo, kila mtu anachukua."

Basi nikaomba kiberiti, ambacho kwenu ni shilingi 100, nikamwekea zile pipi mbili mezani kama malipo. Akakataa! Akasema pipi si hela. Hapo ndipo nilipotaka afike, ila badala ya kunitafutia mia yangu akamwita msimamizi, naye akaja na msimamo uleule: ama nichukue pipi, ama niache mafuta nirudishiwe 8,000 yangu. Yaani yuko radhi kukosa mauzo ya mafuta kuliko kutafuta sarafu moja. Foleni ikafika hadi kwenye friji za soda. Kijana mmoja akatoa mia yake mfukoni ili yaishe. Nikamshukuru nikakataa, kwa sababu mwenye deni si yeye. Msimamizi akanitangaza mbele za watu kwamba nagombania mia. Ndugu Meneja, na yeye alikuwa anagombania nini? Mia ileile, tena si yake.

Bei ya 7,900 mmeipanga wenyewe. Anayepanga bei ya namna hiyo anajua kila atakayetoa 8,000 atadai mia, kwa hiyo sarafu azitafute mapema. Konda wa daladala anazo, muuza maji wa barabarani anazo. Risiti yenu ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, imeandika mafuta peke yake, pipi hazimo. Kwa hiyo mmeniuzia pipi nisizozitaka, tena bila risiti.

Naomba mia yangu kwa sarafu, na makeshia waelekezwe waache kurudisha chenji kwa pipi. Fidia sidai. Pipi zote mbili ninazo, hazijafunguliwa, nitawarudishia siku nitakayofuata hela yangu. Nisipojibiwa ndani ya siku 14 nitayapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani (FCC), pamoja na nakala ya risiti.

Wako,
Mteja, Sinza.