Kwa vijana mnaotengeneza bunduki za kale: wekeni msasa chini kwanza

Wanangu wa karakana za Matrah na Nizwa huko Oman, nanyi wa Mji Mkongwe, Unguja, mnaonunua bunduki za mrao, zile za kuwashwa kwa utambi, na magobore ya wazee ili kuyarudishia uzuri wake,

Assalamu alaykum.

Mimi ni sonara tangu ujana wangu. Fedha niliyojifunzia kazi ilitoka kwenye reale za Maria Theresa, zile sarafu za fedha zenye mwaka 1780 juu yake, tulizokuwa tukiziyeyusha ili kupata pete na vipande vya kupamba majambia na bunduki. Nawaandikia kwa uchungu. Juzi nimeona dukani mtutu mrefu uliosuguliwa kwa mashine hadi ukawa mweupe pe, kisha ukapakwa rangi nyeusi ya kopo. Karibu na tundu la baruti zilibaki chembe chache za dhahabu. Hapo palikuwa na nakshi, na haitarudi tena.

Jueni tofauti ya mambo mawili kabla hamjagusa kitu. Mitutu mingi ya bunduki hizi ilitoka Uajemi na Uturuki. Mhunzi alisokota fito za chuma laini na chuma cha pua pamoja, akazizungusha na kuziunganisha kwa moto na nyundo. Mawimbi mnayoyaona yamo ndani ya chuma chenyewe; hata yakisuguliwa, asidi hafifu huyatoa tena, kwa kuwa vyuma hivyo viwili haviliki sawasawa. Lakini nakshi ya dhahabu au fedha mara nyingi iko juu juu tu. Fundi aliuchanjachanja mtutu kwa kisu, mistari ikapishana, akagongea juu yake uzi mwembamba ukashika kwenye mikwaruzo. Ukipitisha msasa hapo mara moja, umekwisha kuiondoa kazi ya mtu. Basi anzeni kwa mafuta na kitambaa, mtazame kwa kioo cha kukuzia, mchana kweupe.

Na kabla ya hayo yote, ingizeni ufito mdomoni mwa mtutu, mpime kina chake, kisha mlinganishe kwa nje. Ufito ukiishia mbali na tundu, huenda baruti bado imo. Msiipeleke bunduki hiyo karibu na moto wala mashine. Mwiteni anayejua silaha.

Rangi ya kahawia ya wazee ni kutu iliyolelewa. Mtutu usio na nakshi husafishwa mafuta yote, hata ya vidole, ukapakwa dawa ya kuotesha kutu kidogo sana na kuachwa kwenye sanduku lenye unyevu. Kutu ikichipua laini, sugueni kwa brashi ya waya mwembamba, mrudie tena na tena mpaka rangi ikolee. Mkitaka weusi, chemsheni mtutu kwenye maji safi kila mara kabla ya kusugua; kutu nyekundu hugeuka nyeusi. Tumieni maji ya mvua, na msiuanike nje penye upepo wa bahari, maana chumvi huuachia chuma vidonda. Mwishoni uosheni kwa maji ya magadi soda, kausheni, pakeni mafuta.

Pete za fedha zinazoufunga mtutu kwenye mti wake zitoeni kwanza, mkiandika nambari ya kila moja, kwa sababu mtutu huchongoka na kila pete ina mahali pake. Ikikaza, msiibandue kwa bisibisi. Fedha ya zamani iliyogongwa sana huwa ngumu, hupasuka. Iliyokwisha kutoka hulainishwa kwa moto mpaka iwe nyekundu hafifu, ndipo inyooshwe.

Majambia ya Oman yaliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2022, na mafundi wake sasa wanatafutwa. Kazi ya mitutu haina mtu wa kuisemea ila ninyi. Mteja akitaka ing'ae, mwonyesheni mawimbi ya chuma na nakshi iliyosalia, mweleze kitakachopotea. Akishikilia, mrudishieni bunduki yake.